Kabla ya kikao cha Jumatano

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Tangu mchungaji wetu astaafu, maswali humu ni yale yale: nani anakuja, ibada ya mtandaoni itaendelea au la, vijana wamepotelea wapi. Majibu sina. Wazee wa kanisa nao bado wanajadiliana.

Jumatano jioni tukae tuzungumze, bila hotuba. Kabla ya hapo someni Yeremia 29, ile barua kwa waliopelekwa uhamishoni Babeli mwaka 597 K.K. Walikuwa na manabii wa kuwapa moyo kwamba kurudi ni karibuni tu. Yeremia akawaambia miaka 70! Wajenge, walime bustani, waozeshe watoto, wauombee mji ule ule wa ugenini. Barua hii hunikera kidogo, maana nami ningewapenda zaidi wale manabii wengine. Basi tuanzie hapo: ni kitu gani tumekiahirisha tukingoja mambo yarudi kama zamani?

Asiyeweza kufika aniandikie pembeni, maoni yake nitayasoma. Na zile sauti zinazosambazwa kuhusu mchungaji mpya, tafadhali, zikomee kwenye simu yako.