Ufunguo wa tatu: barua kwa wenzangu wa kikundi cha akiba, Nsambya

Wanangu, na nyinyi wachache tunaolingana umri,

Nawasalimu. Jumapili iliyopita sikusema neno, mkadhani nimesinzia. Sikusinzia. Kijana mmoja wetu alisimama akasema, kwa adabu kabisa, kwamba mkimbizi asipewe ufunguo wa sanduku, kwa sababu leo yupo na kesho anaitwa Kanada au Marekani, anaondoka nao. Wengine mkaitikia kwa kichwa. Mama zetu wanne wa Kongo, wanaokaa karibu na mlango, wakatazama chini na kuendelea kukunja vitenge vyao. Hesabu ikafungwa, tukatawanyika. Siku sita sasa nalala na kuamka na jambo hilo.

Naiandika barua hii wazi kwa sababu najua vikundi vya Katwe, vya Makindye, na hata kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, vina ugomvi huu huu. Majina nimeyaacha. Habari ya mtu mwingine niliyoisimulia, mwenyewe amenipa ruhusa.

Nianze na hiyo kufuli. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasio viongozi na wasiolala nyumba moja. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mtu mmoja hawezi kulifungua. Sasa niambieni: mama wa Kongo akipata safari akasahau ufunguo mkobani, hasara yetu ni nini? Tunaita fundi, anakata kufuli ya shilingi elfu kumi, tunanunua nyingine. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunazungumza habari ya kufuli.

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka 19, nikijifunza ushonaji kwa fundi wa Kihindi pale Old Kampala. Duka dogo lenye baraza. Yeye alikata suruali mbele, mimi nilishona vifungo nyuma. Kiswahili chetu kilikuwa cha lete, toa, bado, kesho. Miaka miwili na nusu nilikuwa naye na sikujua jina la mke wake. Yeye hakujua kwamba baba yangu ni Mjopadhola wa Tororo anayefanya kazi reli, wala kwamba mama ni Mnubi wa Bombo, ndiyo maana nyumbani kwetu kwenye nyumba za reli tulikua na Kiswahili. Kwake nilikuwa boi. Kwangu alikuwa Muhindi. Tukaridhika hivyo.

Mwanzoni mwa Agosti mwaka huo Amin akatangaza kwamba Wahindi wana siku 90. Mnayasoma shuleni kama mstari mmoja. Sisi tuliyaona kama foleni. Foleni ya pasipoti, foleni ya tiketi, foleni ya watu wakiuza friji kwa bei ya redio. Usiku wa kuamkia safari yake fundi aliniita ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa kwenye kiti cha nyumba yake. Mkewe akaleta chai. Akanisimulia jinsi baba yake alivyoshuka melini Mombasa na mkasi mmoja, alivyoshona sare za watu wa reli, alivyozika watoto wawili hapa hapa Kampala. Kisha akaniuliza: na wewe je, kwenu wapi? Nikamwambia. Kumbe baba yake aliwahi kuishi Tororo! Tulizungumza mpaka saa tisa za usiku. Miaka miwili na nusu, na tulijuana kwa saa tano za mwisho.

Akaniachia cherehani yake, Singer ya kukanyaga kwa mguu. Akasema, ishike, nikitulia nitakuandikia. Asubuhi wakaondoka kwa barabara ya Entebbe, ile iliyokuwa na vizuizi vya askari waliovua kina mama bangili. Pesa walizoruhusiwa kutoka nazo ni pauni 50 hivi. Duka akapewa mwanajeshi, mmoja wa wale waliotajirika ghafla kwa mali ya Wahindi, tuliowaita mafuta mingi, akauza vitambaa vyote kwa mwezi mmoja na hakujua vinaagizwa wapi vingine.

Fundi akaandika kweli. Barua ya kwanza ilikuja 1973 kwa sanduku la posta la baba. Aliniomba niuze cherehani, nusu niichukue, nusu nimtumie. Sikujibu. Nilijiambia ni hofu, na hofu ilikuwepo, maana wakati ule kuandikiana na Muhindi aliyefukuzwa kungeweza kukufikisha pabaya. Barua ya pili ilikuja 1975, haikutaja cherehani kabisa, iliuliza tu kama ni mzima. Hiyo nayo sikujibu, na hapo haikuwa hofu tena. Cherehani ile ndiyo iliyolisha na kusomesha watoto wangu. Kwa miaka zaidi ya arobaini nimewaambia watu niliinunua.

Mnakumbuka mwaka jana kijana wa Kihindi tunayenunua kwake vitambaa alipoomba kujiunga. Mmoja wenu akanong'ona: Muhindi anataka nini na hisa za elfu mbili? Siku ile ndipo niliposimama nikaisema habari ya cherehani, mbele yake na mbele yenu. Mikono ilinitetemeka. Sikujua atafanya nini. Alikaa kimya, kisha akauliza, bado inashona? Nikasema inashona. Akacheka kidogo, akaanza yake. Bibi yake alifukuzwa mwaka ule ule, akaenda kuishi Leicester, mji ambao baraza lake lilikuwa limeweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus likiwasihi Wahindi wa Uganda wasiende huko. Akaenda hivyo hivyo. Na mpaka leo bibi huyo akikasirika hutukana kwa Kiswahili. Wajukuu hawaelewi neno ila wanajua wamekosa. Mlicheka mpaka mama wa mkaa akashika mbavu.

Hakunisamehe, wala sikumwomba, maana cherehani haikuwa yake. Lakini tazameni mlichokiona baada ya hapo. Kina mama wanachukua roli nzima ya kitambaa kwake kwa ahadi ya wiki mbili, bila kwenda kuandikishana kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Mmoja amechelewesha, namjua, na yeye anajijua.

Sasa nije kwa neno lenyewe, na hili naomba mlisome polepole. Wengi wenu mnadhani kuaminiana kunakuja pale mgeni anapojieleza. Mgeni aseme katoka wapi, kakimbia nini, ana watoto wangapi, mume yuko wapi. Hapana. Wale mama wanne wamejieleza mpaka wamechoka. Walipovuka Bunagana kuingia Kisoro walijieleza. Walipolala nje ya kituo cha polisi cha Old Kampala wakingoja kuandikishwa walijieleza. Wakajieleza tena kwa ofisa wa serikali, kwa ofisa wa shirika, kwa mgeni mwenye kamera aliyewaambia wasitabasamu. Kila mara kuna mtu na kalamu, na kila mara neno likitofautiana na lile la mwaka jana wanaulizwa kwa nini. Hayo ni mahojiano. Mtu hamwamini anayemhoji, humjibu tu.

Anayetakiwa kuanza ni mwenye nyumba. Ni yule mwenye ufunguo, mwenye ardhi, mwenye lugha ya mtaa. Na asianze na sifa zake. Fundi wangu alikuwa tajiri kwangu, na kama angenisimulia mwaka 1970 kwamba alizika watoto wawili, labda ningezijibu barua zake. Sijui. Najiuliza tu, uzee ni wakati wa maswali kama hayo.

Na nani kati yetu ana haki ya kuliita neno mkimbizi kama jina la kabila? Mwaka 1979 Amin alipoanguka, mama yangu alikimbia Bombo kupitia Arua akavuka mpaka kuingia Zaire, kwa sababu Mnubi wakati ule alihesabiwa mtu wa Amin hata kama kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Mama mmoja upande wa pili, Mkongo, alimpa kipande cha shamba la muhogo. Hakumwuliza karatasi. Mama alikaa huko miaka sita. Wale wenzetu wenye asili ya Luweero, kulikopiganwa vita vya msituni, waulizeni wazazi wao walilala wapi kati ya 1981 na 1986. Nchi hii leo ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na sheria ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea. Sheria imefanya sehemu yake. Kukaa benchi moja si kazi ya sheria.

Liko jambo la pili, dogo, nalo lilinifunza kuliko la cherehani.

Mnajua mama yetu Muganda, yule wa maandazi. Miezi mingi hakuwa akizungumza na mama wa Kongo anayehesabu fedha. Mama wa Kongo akasema anadharauliwa. Tukasema ni kiburi cha Kiganda, na baadhi yetu tulifurahia kusema hivyo. Kila Jumapili mhesabu fedha huketi, hufuta meza kwa kiganja, kisha huita kwa sauti: "Fungua!" Wenye funguo tunasimama. Sikuwahi kuangalia wakati huo mama wa maandazi anafanya nini. Mwezi wa tatu niliangalia. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Alipokuja kusema, alisema kwa Luganda, na kijana akatutafsiria. Mwaka 1982 alikuwa na miaka tisa, Kisenyi. Ilikuwa zamani za panda gari, wanajeshi wakizingira mtaa alfajiri na kupakia wanaume kwenye malori. Neno walilosema mlangoni lilikuwa hilo hilo, na kwa lugha hiyo hiyo. Kaka yake alifungua. Akapanda gari, hakurudi. Mama huyu Kiswahili anakijua vizuri, amekijua miaka yote. Hataki tu kimtoke mdomoni.

Mama wa Kongo alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema na mimi yaliyonipata ni makubwa zaidi, ingawa mjuao vita vya Rutshuru, kwao Kongo, mnajua angeweza. Akauliza: Kiganda mnasemaje fungua? Akaambiwa, ggulawo. Tangu siku ile ndivyo anavyoita, na anaitamka vibaya mno, hiyo g ya kwanza inamshinda, na watoto dirishani humwiga. Mama wa maandazi humsahihisha kila wiki. Juzi niliwaona wote wawili wakitoka sokoni, mmoja kabeba unga wa mwenzake.

Hapa lazima nikaripie. Wiki mbili zilizopita niliisikia habari ya kaka wa mama yetu kwenye kibanda cha rolex, ile chapati ya mayai, ikisimuliwa na mtu asiyekuwa wa kikundi, na imeongezwa chumvi. Kuna mmoja wetu aliyeitoa. Simtaki ajitaje. Namtaka aende kwa yule mama, peke yake, na asiende mikono mitupu. Mtu akikupa habari yake amekupa kitu cha kushika. Hata mimi cherehani niliambiwa niishike tu, mkaona nilivyofanya.

Na wengine msije mkaligeuza jambo hili kuwa desturi ya kulazimishana, kwamba kila Jumapili zamu ya fulani kulia. Kuna watu hawatasema milele na ni waaminifu kuliko sisi. Wengine watasema habari ya mbuzi aliyepotea, au jinsi walivyounguza uji siku ya kwanza ya ndoa, na hizo ndizo nzuri zaidi, kwa maoni yangu. Wala hadithi haifuti deni. Mkopaji atasimulia na rejesho atalipa. Daftari libaki daftari, muhuri ubaki muhuri, kufuli zibaki tatu.

Kuhusu ombi la kijana wetu: kabla halijapigiwa kura, namwomba yeye asimame aseme kwanza jambo moja. Najua baba yake alikwenda wapi mwaka 2003 na hakuacha ufunguo wala ujumbe, kwa sababu nilikuwa jirani. Hofu yake kwa watu wanaoondoka naielewa. Wale mama wanne hawaielewi, kwa sababu hajawaambia, wanafikiri anawachukia. Akitaka kunyamaza, ninyi msimsemeshe.

Mimi Jumapili sitakuwepo saa nane, naenda kliniki ya macho, nitachelewa. Faini yangu ya elfu moja iko kwenye bahasha kwa katibu. Ufunguo wangu, ule wenye uzi mwekundu, nimempelekea jana usiku mama wa Kongo wa tatu kutoka mlangoni, yule mrefu anayeshona mifuko. Nilimkuta anasuka nywele za binti. Alikataa mara mbili. Nikakaa, nikamsimulia habari ya mama yangu na shamba la muhogo, akaniuliza lilikuwa upande gani wa Aru, kule Kongo, na chai ikaletwa. Mkitaka kuubadilisha kwa kura, ni haki yenu, lakini mtamwomba ninyi wenyewe.

Akichelewa kuja, msimtoze. Bado hajui kwamba tunaanza saa nane kamili. Kila siku amekuwa akija kwa kufuata wenzake.

Mzee wenu,
Nsambya, Kampala