Majaketi okozi yakae mwaloni, si chini ya magunia

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno. Ile makala ya kuwashawishi wasomaji watembelee vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Milima ya Mahale, imenishinda kunyamazia. Maji maangavu, migebuka, watu wakarimu: yote kweli. Ila njia ya kufika huko mwandishi wako kaipita kwa sentensi moja.

Mimi kwetu ni huko, upande wa Kalya. Tulizoea Liemba, meli iliyobeba abiria kwa jina hilo tangu 1927. Ilitia nanga mbali na ufuko, mitumbwi ikaifuata, watoto na magunia wakipokezanwa gizani. Hata hivyo ilikuwa meli. Iliposimama tukabaki na boti za mbao.

Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu mgonjwa hospitali, Kigoma. Tuliondoka jioni, magunia ya dagaa yamepandana, watu juu ya magunia, madumu ya petroli miguuni. Usiku upepo wa kusi ukachafua ziwa. Nikamwomba baharia jaketi okozi la mgonjwa. Akajibu yapo, yako chini ya mzigo. Chini ya mzigo! Yanapakiwa ili mkaguzi akiuliza yawepo. Mama mmoja alimfunga mwanawe kwa kitenge kwenye dumu tupu la lita 20, huku analia. Ziwa hilo lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na jina la abiria hata mmoja halikuandikwa popote. Tungezama, nani angejua tulikuwa wangapi?

Tuliposhuka, kijana akadai ushuru wa kikapu cha dagaa wa kitoweo cha mgonjwa, na risiti hakutoa. Vikapu vinahesabiwa mpaka cha mwisho. Watu je?

Napendekeza hivi. Majaketi yawe mali ya kijiji, yatundikwe kwenye banda la mwalo, pale boti zinapopakia na kushusha, yapakwe namba, na ya watoto yawepo. Abiria avae jaketi kabla hajakanyaga boti; boti ikirudi, iyarudishe yote. Majina yaandikwe kwenye daftari, nakala ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji, na nahodha asing'oe nanga kabla ya kutia sahihi. Fedha zitoke kwenye ushuru huohuo wa vikapu, na ununuzi uanzie majaketi ya watoto.

Mwalimu mstaafu,
Kigoma