Matembezi ya kihistoria yaanze kwa miguu, vibao vije mwisho

Ndugu Mhariri,

Kila linapozuka wazo la kuufufua mtaa mkongwe kwa matembezi ya kihistoria, fedha za kwanza huishia kwenye vibao vya maelezo. Vinachongwa, vinapigiliwa ukutani, utepe unakatwa, na baada ya misimu miwili ya jua maandishi yamepauka na hakuna kundi linalopita. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini vibao viwe kazi ya mwisho.

Njia hupimwa kwa miguu. Kilomita moja na nusu zinatosha, zisizidi mbili, zenye vituo 8 hadi 12. Kundi la watu 15 haliendi kama mtu mmoja: linasubiriana, linavuka barabara kwa mafungu, linapiga picha. Ukitenga dakika 4 au 5 za maelezo kwa kila kituo, saa moja na nusu imekwisha, na baada ya hapo masikio yamechoka. Njia iishie karibu na ilipoanzia, ili mgeni asiachwe mbali na usafiri wake.

Kituo kizuri si lazima kiwe mlangoni pa jengo. Aliyesimama chini ya ukuta haoni paa wala nakshi za juu, kwa hiyo simamisheni watu ng'ambo ya barabara, penye kivuli, mbali na makutano yenye kelele, mahali ambapo kundi haliwazibii njia wapita kwa miguu. Kagueni saa ileile ya matembezi, maana kivuli cha asubuhi jioni hakipo. Kisha pitisheni kiti cha magurudumu njia nzima. Palipo na upana chini ya sentimita 90, au penye ngazi zisizo na mteremko, tafuteni uchochoro mwingine mapema.

Utafiti ndio unaokula muda, na ni haki yake. Kila dai lipate ushahidi wa pande mbili zisizotegemeana: hati za ardhi, ramani za zamani zilizopangwa kwa miaka, picha, magazeti, na kumbukumbu za wazee. Wazee hukumbuka vizuri nani alikaa chumba gani na kisima kilikuwa wapi, lakini miaka huwachanganya. Hati nazo hutaja mwaka sawasawa, ila zinamjua mwenye nyumba tu. Mpangaji, fundi na mpishi hawamo. Ukifuata hati peke yake utapata mtaa wa matajiri ambao haukuwahi kuwapo. Jambo lililothibitishwa upande mmoja tu, mwongozaji aseme wazi kwamba inasimuliwa hivyo.

Baada ya hapo, tembezeni watu kwa miezi kadhaa bila kibao chochote. Makundi ya mwanzo yatawaonyesha kituo kinachochosha na barabara inayotisha kuvuka. Boston, nchini Marekani, wazo la Freedom Trail, njia ya matembezi ya kihistoria, lilitolewa na mwandishi wa gazeti, William Schofield, mwaka 1951. Mstari mwekundu wa chini unaowaongoza watembeaji ulikuja mwaka 1958. Leo njia hiyo ina vituo 16 katika takribani kilomita 4, urefu unaofaa jiji lenye wageni wengi lakini unaozidi uwezo wa mtaa unaoanza.

Vibao vikifika, viwe vichache. Maneno 60 hadi 100 yanatosha. Zaidi ya hayo hayasomwi na mtu aliyesimama juani. Rangi nyekundu na ya njano hupauka mapema, basi maandishi yawe meusi au ya buluu iliyokoza. Tumieni skrubu za chuma kisichoshika kutu, na mtoboe matundu yake kwenye kiungio cha chokaa kati ya mawe, kamwe si kwenye jiwe lenyewe: kiungio huzibika, jiwe lililopasuka halirudi. Ruhusa ya mwenye jengo iwe ya maandishi. Na msidhani kibao kinalinda nyumba. London kibao cha kwanza cha aina hiyo kiliwekwa mwaka 1867 kwenye nyumba alimozaliwa mshairi Byron; nyumba ikabomolewa mwaka 1889.

Lililo gumu kuliko yote ni kuufanya mtaa wenyewe ufaidike. Kundi linaloongozwa mfululizo hupita mbele ya maduka bila kuingia, hata kama ni la watu 50. Wekeni mapumziko ya dakika 20 katikati, penye choo, maji na vyakula, na mwisho wa njia uwe penye milango ya biashara iliyo wazi. Siku na saa zisibadilike, ili mwuzaji ajue lini afungue na apike kiasi gani. Hesabuni walioanza, waliomaliza na walioingia dukani; bila hesabu ya tatu hamtajua kama mnaufufua mtaa au mnaupitia tu.

Wakazi nao wasifanywe maonyesho. Picha za watu na za ndani ya nyua zipigwe kwa idhini tu, na waongozaji wafunzwe kutoka miongoni mwa vijana wa hapohapo, walipwe. Mtaa ukichangamka kodi za nyumba hupanda, na wa kwanza kuhama huwa ni walewale waliotoa simulizi. Kwa sababu hiyo tunaomba wapangaji wakae kwenye kamati pamoja na wenye nyumba, na suala la kodi lijadiliwe humo kabla kibao cha kwanza hakijaagizwa.

Ni sisi, wapangaji wa njia za matembezi ya kihistoria