Mpaka wa Ireland haujawa wazi kwa kila mtu

Mhariri,

Kila Brexit, yaani kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, inapotajwa katika magazeti yetu, habari za mpaka kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland ya Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, huishia kwenye malori, ushuru na bidhaa. Naomba nafasi niwazungumzie watu, kwa kuwa miongoni mwao wamo Wakenya wanaosoma na kufanya kazi katika Jamhuri ya Ireland, na jamaa zao husoma gazeti hili.

Mpaka huo wa takriban kilomita 500 hauna kizuizi wala afisa anayesubiri pasipoti. Hayo ni matunda ya Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1998, yaliyohitimisha machafuko ya miaka 30 hivi na kumpa mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini haki ya kuwa raia wa Ireland, wa Uingereza au wa nchi zote mbili. Barabara ya kutoka Clones kwenda Cavan, miji miwili ya Jamhuri, hukata mpaka mara nne katika mwendo mfupi. Wagonjwa wa saratani wa Donegal, jimbo la Jamhuri, hupokea tiba ya mionzi katika hospitali ya Altnagelvin mjini Derry, upande wa pili. Raia wa Uingereza na wa Ireland wanalindwa na mpango wa Eneo la Pamoja la Usafiri, ulioanza miaka ya 1920, na haki yao ya kuvuka haikuguswa na Brexit.

Walioguswa ni wengine. Kabla ya Uingereza kujitoa, Mpolandi, raia wa Umoja wa Ulaya, aliyepanga nyumba Letterkenny, mji wa Donegal, aliweza kuajiriwa Derry, kilomita zisizofika 40, bila kuomba ruhusa ya mtu. Baada ya tarehe 31 Desemba 2020 haki hiyo ilibaki kwa waliokuwa tayari wakifanya kazi ng'ambo ya mpaka, nao kwa kibali maalumu. Aliyehamia baadaye hana budi kutafuta viza ya kazi. Raia hao wa Ulaya wameingia katika hali ambayo Mwafrika aliizoea zamani. Mkenya mwenye kibali halali cha kuishi Ireland huhitaji viza ya Uingereza ili avuke hata kwa saa moja, ilhali barabara kuu ya Letterkenny kwenda Dublin hupita Strabane na Omagh, ndani ya Ireland ya Kaskazini. Abiria aliyelala ndani ya basi anaweza kuvunja sheria za nchi nyingine bila kushuka kitini.

Linaloniuma zaidi ni namna sheria hiyo inavyosimamiwa. Kwa kuwa mpakani hakuna kituo, ukaguzi hufanywa ndani ya mabasi, na watetezi wa haki za binadamu wa huko wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wanaodaiwa stakabadhi huchaguliwa kwa rangi ya ngozi.

Uingereza ilipoanzisha idhini ya kusafiri ya kielektroniki, iliwasamehe wakaazi halali wa Ireland ambao nchi zao hazidaiwi viza. Basi London na Dublin zikubaliane kuupanua msamaha huo umfikie kila mkaazi halali, awe Mkenya au Mkongo, kwa safari fupi za hospitali, soko au kupita tu. Kabla ya hapo, ubalozi wetu mjini Dublin uwaeleze wanafunzi na wafanyakazi wetu, mara tu wanapowasili, ni barabara zipi zinazopita upande wa kaskazini.

Msomaji,
Nairobi