Malalamiko: mmetoza dakika zilezile mara mbili

Kwa Meneja wa Malipo,
Kampuni ya Madaktari wa Dharura

YAH: BILI YA MUME WANGU, HUDUMA KWA MGONJWA MAHUTUTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu karatasi iliyokuja na bili yenu inasema nina haki ya mkalimani bila malipo. Basi mtafuteni.

Mmetoza namba 99291, yaani dakika 30 hadi 74 za kumhudumia mgonjwa mahututi, mkaongeza namba 99292 ya muda wa ziada. Kwamba alikuwa mahututi sibishi. Aliingizwa anakoroma, midomo imebadilika rangi, ukimwita haitiki. Daktari alinihoji kuhusu dawa zake huku nikimtolea chupa mojamoja mkobani. Hata dakika hizo zihesabuni, maana mgonjwa hakuweza kusema na matibabu yalitegemea majibu yangu.

Ugomvi wangu uko kwenye hesabu. Nimeomba nakala ya faili, nimeisoma. Kuhusu muda kuna mstari mmoja tu: dakika 80, pamoja na taratibu zote. Lakini mpira wa kupumulia uliopitishwa kooni (31500) na ule wa mshipa mkubwa wa shingoni (36556) mmeitoza kila mmoja peke yake, kwenye bili hiyohiyo! Kazi inayolipwa peke yake, muda wake hutolewa kwanza. Huwezi kuuza mbuzi mzima kisha ukadai bei ya maini. Na zile dakika daktari alizosimama akiwafundisha wanafunzi wake namna ya kushika kifaa cha kooni, nazo hazihesabiwi.

Tena mume wangu yuko Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, ambao tangu 2023 wameweka wazi kuwa 99292 hailipwi mpaka zitimie dakika 104. Hata mkizibeba zote 80 bila kupunguza, hamfiki. Asilimia 20 ya kosa hilo, yaani sehemu anayolipa mgonjwa mwenyewe, mmetuletea sisi tulipe.

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu kwamba mfumo ndio unaochagua namba. Mfumo haukusaini faili, kaka. Daktari ndiye aliyesaini.

Ondoeni 99292. Daktari aeleze ni dakika ngapi zinabaki akitoa muda wa taratibu hizo mbili za kuingiza mipira na wa mafunzo. Zikiwa chini ya 30, 99291 nayo iondoke, mtoze huduma ya kawaida ya dharura. Kisha mpeleke madai yaliyosahihishwa Medicare na mnitumie bili mpya. Kabla ya hapo, msiikabidhi hii kwa wakusanya madeni.

Wenu,
Mke wa mgonjwa