Modemu mbili za nyumbani hazikufika 56

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimsahihishe kidogo mwandishi wenu wa safu ya teknolojia. Aliandika kwamba enzi za intaneti ya simu ya mezani modemu, vile vifaa vya kuunganisha kompyuta na laini ya simu, zilikwenda kilobiti 56 kwa sekunde. Kasi hiyo, tena ya kupokea tu, ilipatikana pale kampuni ya intaneti ilipounganishwa na kituo cha simu kidijitali. Modemu mbili za majumbani zikipigiana, kila moja kwenye waya wake wa shaba, ukomo ni kilobiti 33.6. Nayasema haya kwa sababu niliyaishi.

Mwaka 2001 niliigeuza kompyuta yangu kuukuu, Pentium ya megahezi 100 yenye RAM ya megabaiti 16, ikawa seva ya kupigiwa simu, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, hapa Ngamiani, Tanga. Shemeji yangu alikuwa na duka la dawa Raskazone, akitaka barua pepe za wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam, na gharama ya kupiga Dar kila mara ilikuwa inamkamua. Basi seva yangu, iliyoendeshwa na mfumo wa Linux badala ya Windows, ikawa inapiga mara moja tu, saa tano usiku, inazoa barua za wote na kukata. Shemeji akiamka alfajiri ananipigia mimi, simu ya hapahapa mjini.

Modemu ya kwanza nilipoteza hela. Ilikuwa ya ndani, ile inayoitegemea Windows iifanyie kazi, na Linux haikuitambua kabisa. Nikatafuta ya nje, yenye taa zake, waya wa pini 9 upande wa kompyuta na 25 upande wa modemu. Kuipokea simu ilikuwa kazi ya mgetty, programu ya Mjerumani Gert Doering: inakaa kimya mpaka ione neno RING, inapokea, kisha inamkabidhi mpigaji kwa pppd, programu ya kuunganisha kompyuta mbili kwa laini ya simu, aulizwe jina na nywila. Kwenye kumbukumbu za mashine nilisoma CONNECT 31200, yaani kilobiti 31.2 kwa sekunde, siku za jua. Masika, waya ukilowa, 26400. Sikuwahi kuiona 56 hata siku moja.

Tatizo lilikuwa laini yenyewe, maana tulikuwa nayo moja tu. Mama mkwe alipiga mchana kutoka Pangani, modemu ikamwahi mke wangu kupokea, ikampigia mayowe sikioni. Jioni akanipata: "Mkwe wangu, hiyo simu yenu imepandisha mashetani?" Niliona aibu! Dawa yake ilikuwa faili tupu liitwalo /etc/nologin.ttyS0. Likiwapo, mgetty haipokei simu. Nikaiagiza cron, programu ya kutekeleza kazi kwa saa maalumu, ilifute saa tatu usiku na kuliweka tena saa moja asubuhi. Tangu hapo mama mkwe akawa anapokewa na binadamu, mradi asipige usiku.

Kwa hiyo mwandishi wenu arekebishe tarakimu yake, na pale aliposema seva ya nyumbani ni jambo la juzi, hapo pia. Modemu ninayo bado, kabatini. Kijana anayetaka kuisikia ikilia aje, ila atafute na laini, maana ya kwangu nilikwisha kuirudisha.

Fundi mstaafu,
Ngamiani, Tanga