Ganesh mliyeniuzia analiwa na wadudu, narudishiwa lini hela yangu?

Kwa wenye duka,

Habari za kazi. Mara mbili nimewaandikia wasap nikajibiwa na kijana wenu kwa emoji ya mikono ya namaste, basi leo nimeamua niandike barua nzima labda itamfikia mtu mzima.

Wiki mbili kabla ya Diwali nilinunua kwenu sanamu ya Ganesh, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo, ya mbao ya kuchonga, futi moja na nusu, shilingi 850,000. Tangazo lenu liliandikwa kwa herufi kubwa SHEESHAM ORIJINO, kazi ya mikono kutoka Saharanpur. Saharanpur tunaijua, wachongaji wa ile mbao ngumu ya sheesham wa kule Uttar Pradesh, India, sifa zao zinafika mpaka huku Upanga, kwahiyo bei sikubishana hata kidogo.

Masika ilipoanza, kila asubuhi tunakuta unga chini ya miguu yake, laini kama sembe. Mama mkwe wangu, Ba tunamwita, akadhani ni majivu ya udi, akafuta. Kesho yake upo tena. Nikamulika na tochi ya simu nyuma ya sikio nikaona vitobo kama vimechomwa na pini, vingi tu. Nikambeba mpaka Keko kwa fundi, akakwangua kidogo kwa chini na patasi, ile rangi ya kahawia ikatoka yote mbao ikabaki nyeupe. Akacheka. "Dada, huu mwembe umepakwa rangi."

Mwembe sina ugomvi nao, mngesema ni mwembe ningenunua kwa bei ya mwembe. Lakini ile sehemu nyeupe ya nje ya mti ina wanga, ndo chakula cha hao wadudu, na mbao ya hivyo inatakiwa ikaushwe vizuri na kutiwa dawa kabla haijauzwa, sio inafika kwa mteja na mayai ndani. Fundi akanionyesha na mkonga pia, umechongwa kukatisha nyuzi za mbao badala ya kuzifuata, akasema huu haumalizi mwezi. Haukumaliza wiki. Ulikatikia mkononi mwa Ba akiwa anaufuta vumbi.

Na jibu lenu likawa "piga gundi ya mbao, haitaonekana." Jamani! Murti, yaani sanamu ya ibada, ikivunjika ni khandit, haiwekwi tena kwenye ibada, inapelekwa kwa heshima majini. Ba alilia siku nzima, diya, ile taa ya ibada, sasa anawashia kwa yule mdogo wa shaba. Mnauza vitu vya ibada na hamjui hata hilo?

Halafu ile kadi yenu ya matunzo, nani aliiandika? Eti mfute kwa kitambaa kibichi na mpake mafuta ya nazi kila wiki. Mbao inakunywa maji inavimba, na mafuta ya nazi yamenasa vumbi na masizi ya diya kwenye kila mkunjo wa nakshi, nimekaa na mswaki mkavu Jumapili nzima kuyatoa. Brashi laini kavu ilikuwa inatosha. Hata kwenye hekalu la Puri kule India, ambako mungu Jagannath ni wa mbao ya mwarobaini, maji ya kila siku yanamwagiwa kivuli chake kwenye kioo. Mara moja kwa mwaka ndo anaogeshwa mwenyewe hadharani, pamoja na nduguze, kwa vyungu 108, na baada ya hapo anawekwa ndani kama wiki mbili, wanasema anaumwa, anapakwa rangi upya. Nyie mnaniambia kila wiki.

Nataka 850,000 yangu yote, sitaki mbadala wala vocha. Na msiniambie "rudisha mzigo kwanza", Ganesh hatapanda bodaboda ndani ya boksi, Ba ameshapanga na pandit, kuhani wetu, siku ya kumpeleka baharini. Picha mnazo, risiti mnayo, na ule unga nimeuhifadhi kwenye kopo, mkitaka njooni muuone. Mwisho Ijumaa, Jumatatu niko Tume ya Ushindani na kopo langu.

Mteja wenu,
Upanga, Dar es Salaam